Miaka 11 ya kuisubiri Hannibal ya Thomas Harris, halafu mwisho ule: wewe uko upande gani?

Mzee wa Riwaya (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote. Tahadhari kwanza: uzi huu unafichua mwisho wa kitabu na mwisho wa filamu. Kama hujasoma na una mpango wa kusoma, pita kwanza, utarudi ukimaliza.

Nataka tuijadili Hannibal, riwaya ya Thomas Harris iliyotoka Juni 1999. Najua wengi mmeiona filamu ya 2001, ila mimi nazungumzia kitabu. Kitabu kilichoitangulia, The Silence of the Lambs, kilichapishwa 1988. Filamu yake ikatoka 1991, na mwaka uliofuata ikabeba Oscar zote tano kubwa: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na mswada. Kuanzia hapo kila mpenzi wa riwaya za kusisimua akawa anauliza lini mwendelezo. Harris mwenyewe kimya. Miaka ile alikuwa hatoi mahojiano, haonekani kwenye televisheni, anaandika taratibu kuliko waandishi wote wa aina yake. Kitabu kilipofika, wasomaji wakagawanyika vipande viwili na hadi leo hawajapatana.

Mimi niko kwa walioumia. Damu haikunisumbua, anayeogopa damu asimguse Harris kabisa. Kilichoniumiza ni Clarice Starling, yule mpelelezi kijana wa FBI.

Kumbukeni alikuwa nani. Baba yake mlinzi wa usiku wa mji mdogo, akauawa kwa risasi. Mtoto anapelekwa kwa ndugu wa mama yake Montana, kwenye ranchi wanakochinja farasi na kondoo. Usiku anasikia wana-kondoo wanalia. Kwenye filamu anajaribu kumwokoa mwana-kondoo mmoja, lakini kwenye kitabu anatoroka na farasi anayeitwa Hannah, farasi mwenye macho mabovu aliyekuwa akisubiri kuchinjwa. Hakuna aliyemtuma. Mtoto mdogo anaongoza mnyama mkubwa gizani kwa sababu ameamua kwamba huyu hafi. Clarice mzima yuko hapo. Ni mtu wa kuamua.

Sasa Harris anafanya nini miaka 11 baadaye? Anamwacha Hannibal Lecter, yule daktari wa akili anayeua na kula watu, amchukue akiwa hana fahamu, amchome sindano za dawa za kulevya akili, amfanyie hipnosi siku baada ya siku, amletee hadi mifupa ya baba yake iliyofukuliwa, kisha amketishe mezani kula ubongo wa Paul Krendler, ofisa wa Wizara ya Sheria, huku Krendler mwenyewe yuko hai na anaongea. Halafu wanakuwa wapenzi. Tunakutana nao mara ya mwisho Buenos Aires, kwenye jumba la opera la Teatro Colón, wamependeza.

Kumuua shujaa ni haki ya mwandishi. Kumharibu pia ni haki yake, mradi aharibike kwa uamuzi wake mwenyewe. Hapa uamuzi umetolewa kwa bomba la sindano, kisha tunaambiwa tuuite mapenzi. Hilo ndilo nisilolikubali.

Karibuni.

Bint wa Mrima

Mzee, naunga mkono kila neno. Nimekisoma kitabu kile na nilipofika sura za mwisho nilikifunga nikakaa. Mie ni mwanamke, na nimemfuata Clarice tangu anaingia kwenye ile lifti ya chuo cha FBI, Quantico, amezungukwa na wanaume warefu kuliko yeye. Alikuwa mmoja wa wahusika wachache wa kike kwenye riwaya za upelelezi ambaye hakuwekwa pale aje kuokolewa. Kwenye Silence anaingia peke yake kwenye chumba cha chini cha muuaji, taa zinazimwa, na anatoka mzima kwa kazi yake mwenyewe.

Jodie Foster aliyemwigiza Clarice alikataa kurudi kwenye filamu ya pili. Jonathan Demme aliyeongoza ya kwanza naye akakataa. Kwangu hao wawili ni wasomaji kama sisi. Walikipata kitabu, wakakisoma, wakasema hapana.

Mwalimu wa Zamu

Mleta uzi, uzi mzuri, lakini naona umesoma mwisho ukasahau mwanzo.

Fungua tena sura za kwanza. Starling yuko ndani ya gari chakavu la siri la polisi, anakwenda kumkamata Evelda Drumgo, muuza dawa za kulevya, kwenye soko la samaki. Operesheni imepangwa vibaya na wakubwa, yeye hakuipanga. Evelda ana mtoto mchanga kifuani na bunduki chini ya blanketi. Starling anampiga risasi. Halafu tazama anachofanya: anamchukua yule mtoto aliyetapakaa damu ya mama yake, damu yenye virusi vya UKIMWI, anasukuma samaki pembeni, anamlaza pale mezani panaposafishiwa samaki na kumwosha kwa maji. Kamera zinampiga picha. Kesho yake magazeti yanamwita muuaji, na wakubwa wake wa FBI wanatafuta wa kumtoa kafara.

Hicho ndicho kitabu. Miaka 7 imepita tangu amwokoe Catherine Martin, yule binti aliyetekwa kwenye Silence, na hajapanda cheo. Krendler anamwandama kwa sababu alimkataa. Wanamtengenezea ushahidi wa uongo kwamba anamtahadharisha Lecter, wananyang'anya silaha na kitambulisho. Jack Crawford, mtu pekee aliyemlinda, amechoka, anaugua moyo, anakufa. Ile taasisi aliyoipenda kama baba ndiyo iliyomtupa. Ukifika Buenos Aires ukiwa umeyabeba hayo yote, unaelewa kwa nini hakurudi.

Mnalaumu sindano. Basi someni ukurasa wa mwisho kwa makini. Harris anasema waziwazi kwamba zile dawa za siku za mwanzo hazina nafasi katika maisha yao kwa muda mrefu sasa. Aliweka sentensi hiyo kwa ajili yenu.

Mzee wa Riwaya

Mwalimu, hiyo sentensi ndiyo inanitia hasira zaidi ya yote. Mtu anayejiamini na kazi yake haandiki utetezi ndani ya kitabu. Kama Clarice angeamua mwenyewe, tungeuona uamuzi ukifanyika. Tungekuwa naye ndani ya kichwa chake usiku ule. Badala yake, kuanzia anapochomwa ile mishale ya dawa kwenye shamba la Mason Verger, yule tajiri aliyeharibiwa uso na Lecter na anayefuga nguruwe wa kumla Lecter kwa kisasi, Harris anatutoa kichwani mwa Clarice na kutuweka nje ya dirisha. Mambo yake yote ya ndani kabisa tunayaona kutoka mbali. Nataka uniambie: kwa nini mlango ulifungwa pale tu ambapo tulihitaji kuingia?

Kisu Kikali

Mimi sina shida na Clarice. Shida yangu ni Lecter.

Kwenye Silence, Clarice anapomtaka ajieleze, anamwambia hakuna jambo lililompata likamfanya awe alivyo. Yeye ndiye aliyetokea. Jibu lile linatisha kwa sababu halikupi pa kushika. Mwendelezo unakuja na Mischa, dada yake mdogo aliyeliwa na askari watoro wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ghafla Lecter ana sababu. Ana kidonda. Anasoma hesabu za wanafizikia akitamani wakati urudi nyuma ili kikombe kilichovunjika kijiunge tena na Mischa arudi.

Uovu uliokuwa hauna jina ukapewa cheti cha daktari. Na 2006 ikaja Hannibal Rising, kitabu kizima cha utoto wake, na hapo kwangu mambo yakaisha.

Ndugu Karafuu

Kisu Kikali, hapo nakupinga. Mischa hamponyi Lecter, anamfanya atishe zaidi. Angalia anachokitaka: anataka Clarice atoe nafasi yake duniani ili Mischa aingie. Anataka kumfuta mtu mzima ili amrudishe mtoto. Na ni Clarice, akiwa na zile dawa mwilini, ndiye anayemjibu kwamba kama baba yake anaweza kuishi ndani yake, basi Mischa naye anaweza kuishi ndani ya Lecter. Yaani anamshinda kwa hoja! Mgonjwa anamtibu tabibu wake.

Mzee anasema Clarice hakuamua. Mimi naona pale pale mezani ndipo alipoamua. Lecter alikuja na mpango wake, yeye akaupindua. Kuanzia hapo mfungwa ni yule daktari.

Bint wa Mrima

Ndugu yangu Karafuu, kumshinda mtekaji wako kwa hoja halafu ukabaki naye si ushindi. Kama alimshinda, angeondoka.

Msafiri wa Kigoma

Jamani, mnabishana mwisho mnaiacha Firenze! Zile sura za Italia peke yake zinatosha kukinunua kitabu.

Lecter anaishi Firenze kwa jina la Dk. Fell, anatunza maktaba ya Palazzo Capponi. Inspekta Rinaldo Pazzi anamtambua. Huyu Pazzi ni mpelelezi aliyewahi kung'ara kwa kumkamata mtu kwenye kesi ya Il Mostro, kisha sifa ikageuka aibu. Il Mostro si hadithi ya kutunga: kati ya 1968 na 1985 kule vijijini kandokando ya Firenze waliuawa wapenzi wawiliwawili, jumla watu 16, wengi wakiwa ndani ya magari usiku. Pietro Pacciani alihukumiwa 1994, rufaa ikamwachia 1996. Harris akaichukua hewa ya kesi ile akaijenga ndani ya mhusika wake.

Pazzi ana mke kijana mrembo na hana pesa. Anaweza kumkamata Lecter akapata heshima, au kumuuza kwa Mason Verger akapata mamilioni. Anachagua kuuza. Na yeye ni wa ukoo wa Pazzi, ule ule uliopanga njama dhidi ya akina Medici, watawala wa Firenze, mwaka 1478, ambapo Francesco de' Pazzi alinyongwa dirishani kwenye Palazzo Vecchio. Lecter anasimama mbele ya wasomi anatoa mhadhara juu ya Yuda, uroho wa mali na watu walionyongwa, huku Pazzi ameketi anasikiliza bila kujua kwamba mhadhara unamhusu yeye. Saa moja haipiti naye ananing'inia kwenye jengo lile lile kama babu yake.

Nimesoma Musiba, nimesoma Mtobwa, nimesoma wazungu wengi. Sehemu ambayo mtu anajinyonga polepole kwa tamaa yake huku msomaji anaona kamba tangu mwanzo, sijaona iliyopangwa vizuri kuliko hiyo.

Mzee wa Riwaya

Msafiri, hapo tuko pamoja kabisa. Na ona tofauti: Pazzi anaamua. Anasimama na simu mkononi, anajua anachofanya, anaikubali bei. Anguko lake linauma kwa sababu ni lake. Harris alijua kuandika mtu anayejiuza kwa hiari. Kwa nini alimnyima Clarice heshima aliyompa Pazzi?

Msafiri wa Kigoma

Hoja nzito hiyo. Nitaifikiria.

Mkereketwa wa Filamu

Kwa faida ya waliosoma nusu na walioona filamu tu: mwisho wa filamu ni tofauti kabisa. Mwongozaji Ridley Scott hakuupenda mwisho wa kitabu, akazungumza na Harris mwenyewe na Harris akakubali ubadilishwe. Mswada ukapita kwa David Mamet, kisha Steven Zaillian. Julianne Moore akachukua nafasi ya Foster. Kwenye filamu, baada ya ule mlo wa Krendler, Clarice anamfunga Lecter pingu, mkono wake na wa kwake. Lecter anachukua panga la bucha. Unafikiri atamkata Clarice. Anajikata mkono wake mwenyewe, anatoroka.

Kwangu huo ndio mwisho sahihi. Clarice hajageuka, na Lecter anampenda kiasi cha kujikata yeye badala yake. Kila mmoja amebaki alivyo.

Tena filamu ilimtoa kabisa Margot, dada yake Mason. Kwenye kitabu ni Margot anayemmaliza Mason kwa samaki wake mkunga. Kwenye filamu ni daktari wake Cordell anayemsukuma kwa nguruwe. Sura nyingi zikapungua na hadithi ikakaza.

Mwalimu wa Zamu

Mkereketwa, mwisho wa filamu ni salama, ndiyo maana hakuna anayeubishania. Miaka yote hii watu wanagombania kitabu. Filamu iliingiza dola milioni 58 wikiendi ya kwanza Marekani, watu wakatoka, wakaenda kula.

Na kumtoa Margot lilikuwa kosa. Margot ndiye kioo cha Clarice. Wanawake wawili walioumizwa na wanaume wenye mamlaka. Mmoja kaumizwa na kaka yake tangu utotoni. Lecter alishamwambia zamani kwamba siku moja atamuua Mason. Anamuua kwa mkono wake. Ukiondoa hilo, unabaki na nguruwe tu.

Nyikani

Mimi nilikisoma nikiwa chuo, kitabu cha mtumba, jalada limechanika. Sikujua kwamba kuna ugomvi juu yake. Nilipofika mwisho nikaogopa, ila sikuogopa kama walivyoogopa wengine. Niliogopa kwa sababu walikuwa na furaha. Wanacheza dansi, wanazungumza kwa Kiitaliano chakula cha jioni, wana watumishi. Barney, yule muuguzi aliyekuwa akimlinda Lecter kwenye hospitali ya wahalifu wagonjwa wa akili, amefika Buenos Aires kwa sababu anataka kuiona kila picha ya mchoraji Vermeer iliyopo duniani kabla hajafa. Anawaona kwenye opera. Anamshika msichana aliyekuja naye na wanaondoka mjini usiku ule ule, hata ile picha hajaiona.

Barney ni mtu pekee aliyeishi na Lecter miaka na hakudhuriwa, kwa sababu alimheshimu. Yeye, anayemjua kuliko sisi wote, alipowaona alikimbia. Hiyo ndiyo hukumu ya Harris juu ya mapenzi yale. Haisemi kwa maneno, anaisema kwa miguu ya Barney.

Ndugu Karafuu

Nyikani, umenifungua macho hapo. Basi Mzee, mbona unadhani Harris anatutaka tufurahi? Ni hadithi ya kutisha. Imeishia pa kutisha.

Mzee wa Riwaya

Nyikani, nimeisoma mara mbili post yako na nakushukuru. Barney ni hoja bora kuliko ile sentensi ya Mwalimu.

Lakini Karafuu, kutisha kuna namna. Stephen King aliihakiki kwenye New York Times kilipotoka na akakisifia sana. Martin Amis, aliyewahi kuvisifia vile vya mwanzo, akakiponda bila huruma. Wote wawili ni wasomaji wa kazi, na wote wawili walikiona kitabu kile kile. Tofauti yao ilikuwa pale pale tulipo sisi: je, Harris bado anamwogopa Lecter, au ameshampenda? Red Dragon ya 1981 ilimwogopa. Lecter yuko kwenye kurasa chache tu na unatamani atoke. Silence ilimwogopa pia, ikamweka nyuma ya vyuma na wavu. Kwenye Hannibal anachagua mvinyo, anapiga ala za muziki, anaua watu wasio na adabu tu. Karibu kila adui yake anayekufa tumeshaandaliwa kumchukia: Krendler, Pazzi, Mason aliyetesa watoto. Mwandishi amempangia maadui wabaya ili mikono yake ionekane safi.

Mwandishi aliyempenda muuaji wake kiasi hicho lazima ampe zawadi mwishoni. Zawadi ilikuwa Clarice.

Kisu Kikali

Hapo umegonga msumari. Naongeza kwamba hata lugha inabadilika. Tunapoingia kwenye lile jumba la kumbukumbu ambalo Lecter amelijenga kichwani mwake, msimulizi anatushika mkono anasema "sisi", tunatembea naye vyumbani kama wageni wa heshima. Kwenye Silence hakuna aliyetukaribisha popote.

Mama Kavishe

Wanangu, nimesoma uzi wote. Mimi nauliza jambo dogo: kwa nini hakuna aliyemtaja Ardelia Mapp? Aliishi nyumba moja na Clarice miaka yote ile, tangu chuoni. Ndiye rafiki pekee. Clarice alipopotea, Ardelia hakukata tamaa kumtafuta. Halafu anapata pete ya zumaridi na kijibarua kifupi kwamba asihangaike, asimtafute, na samahani kwa kumtia hofu.

Nimelea mabinti. Binti yangu akipotea na mwanamume wa namna ile kisha akanitumia pete na mistari mitatu, nitajua kwamba aliyeandika si yeye yule niliyemlea, hata kama mwandiko ni wake.

Bint wa Mrima

Mama, shikamoo. Hilo nililisahau kabisa, na ndilo lililoniuma kuliko ubongo wa Krendler. Clarice wa kwanza asingemwacha Ardelia hivyo.

Mwalimu wa Zamu

Mama Kavishe, marahaba kwa busara, lakini naomba nikujibu kwa heshima. Pete ile imechorwa herufi za Ardelia na za Clarice pamoja. Mtu aliyefutwa akili hakumbuki kuchora herufi za rafiki yake. Kijibarua ni kifupi kwa sababu akiandika zaidi atampa Ardelia mzigo wa kuchagua kati ya kazi yake na rafiki yake. Anamlinda. Huyo ni Clarice yule yule wa farasi Hannah, sema safari hii anayetoroshwa ni yeye mwenyewe.

Mzee wa Riwaya

Mwalimu, umeipeleka hoja yangu ya farasi upande wako, na umeipeleka vizuri. Ila Hannah alikuwa anatolewa machinjioni. Huyu anapelekwa nyumbani kwa mchinjaji.

Mwalimu wa Zamu

Na FBI ilikuwa nini?

Mama Kavishe

FBI ilikuwa kazi. Kazi mtu anaacha. Angeacha kazi akaenda kukaa na Ardelia, kitabu kingeisha na mtoto angekuwa mzima.